Sindano Yenye Homa

Leo nimesema sindano ina homa, mbele ya bibi harusi mwenyewe!

Ngojeni nieleze.

Likizo hii najifunza ushonaji kwa Mama Salma, hapa Oyugis. Mashine yake ya umeme inakimbia kama imetumwa. Nilikuwa nashona gauni la nailoni la Dada Akoth, harusi ni kesho, naye amekaa kando akilisubiri. Uzi ukakatika. Nikautunga, ukakatika tena. Kugusa sindano, nikaungua kidole!

Nilitaka kusema imepata moto. Lakini kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, "liet" ni moto, na mwenye homa pia mwili wake ni "liet". Aibu ikanichagulia homa.

"Mama, sindano ina homa."

Mafundi wengine wa Mama Salma wakacheka. "Tuipeleke hospitali ya Homa Bay ikalazwe?"

(Haya, na nyinyi chekeni.)

Dada Akoth hakucheka. Alikuwa anaangalia vitobo vilivyoyeyushwa na sindano kwenye gauni lake, machozi karibu.

Mama Salma akashika uzi, ncha imeyeyuka. "Amesema kweli, mbio za mashine zimeipa homa. Mgonjwa hakimbizwi. Fumua, mwanangu, ushone ndani kidogo, vitobo vitafichika. Polepole."

Nikamaliza polepole. Dada Akoth akalivaa, akajigeuza, halafu akanigusa paji la uso.

"Na wewe, umepoa?"