Sensa Mbili za Kanyere

Mashine haikuingia ndani ya basi. Hivyo ndivyo Kanyere alivyowajibu watu wa mtaa wa Ndosho walipomuuliza kwa nini mumewe na watoto wako Butembo na yeye yuko Goma peke yake. Mwanzoni ilikuwa kweli kabisa.

Volkano ililipuka Jumamosi jioni, mwezi wa tano mwaka 2021. Lava ilimeza nyumba yao ya Buhene pamoja na vitanda, sufuria na cheti cha ndoa. Mashine ya leza, ile ya kuchora maandishi juu ya mbao na mipira ya mihuri, ilipona kwa kuwa ilikuwa ateliye, karakana yao ya Ndosho, upande mwingine wa mji. Siku zilizofuata ardhi iliendelea kutetemeka. Kakule, mumewe, akasema watoto hawatalala tena karibu na mlima ule. Akapanda nao basi, wote watatu, kwenda kwa kaka yake Butembo.

"Wewe ubakie kidogo, umalize kazi ya batu," alimwambia. "Nitarudi kukuchukua, wewe na mashini."

Kule Kakule alipata duka la vifaa. Mwaka uliofuata waasi wakateka Rutshuru, na barabara ya Butembo inayopita huko ikawa ya kubahatisha: leo basi linapita, kesho linarudishwa. Kanyere alifunga mizigo mara tatu, akaifungua mara tatu. Simu za kila siku zikawa za kila wiki, kisha za sikukuu. Januari 2025 vita viliingia mjini kwenyewe, naye alikaa siku nne chini ya meza ya ateliye na ndoo ya maji na unga wa muhogo. Risasi ziliponyamaza na umeme kurudi, alifagia vioo, akafungua mlango na kungoja wateja.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Rutshuru, Annonciata, kutoka kambi za wakimbizi nje ya mji. Waasi waliouteka mji waliwaambia wabomoe vibanda, warudi makwao. Mama yake alikuwa amefia kambini Desemba, na juu ya kaburi kulikuwa na kijiti tu na karatasi ndani ya plastiki.

"Kesho kutwa lori inaenda," alisema. "Nikienda bila kuacha jina, siku ya kurudi sitajua kaburi yake ni gani. Iko mengi sana kule, mama."

"Anaitwa nani?"

"Mukamugema Emerance."

Kanyere alichukua ubao mzuri wa msalaba, akawasha mashine. Kila inapowaka, kichwa chake chenye leza hutangulia kwenda pembeni, na swichi ndogo mbili hukiambia kimefika, ndipo kinajua pa kuanzia. Safari hii kichwa kiligonga fremu na kuendelea kusukuma, tra-tra-tra, mpaka kikapoteza hesabu. Jina likaanza mbali mno, herufi za mwisho zikaangukia nje ya ubao. Alijaribu tena, akaharibu wa pili. Alipoifungua, alikuta swichi zimekwama kwa masizi na vumbi jeusi la mawe ya lava.

"Rudi kesho kutwa asubuhi," alimwambia Annonciata. "Utaikuta."

Alisema hivyo bila kujua atafanyaje. Kwenye droo kulikuwa na sensa mbili, vihisio vya umeme, ambazo Kakule alizinunua Kampala na hakuzifunga kamwe, zile zisizohitaji kuguswa, zinazohisi chuma kikikaribia. Ntirenganya, fundi redio wa mlango wa pili, angezifunga kwa saa moja, lakini mlango wake ulikuwa na kufuli tangu Januari. Alikuwa amevuka mpaka kwenda Gisenyi na familia yake. Kanyere akampigia mumewe. Simu ilishikwa na Micheline, kitinda mimba, aliyeondoka Goma akiwa na miaka saba.

"Allô? Ni nani?"

"Ni mama."

"Mama gani?"

 Kanyere akasikia simu ikipokezanwa.

"Sensa?" alisema Kakule. "Za waya tatu? Nilisha sahau mambo ya mashini. Unga tu penye zile za zamani zilikuwa."

"Waya tatu penye mbili?"

"Kanyere, niko na batu ku duka. Nitakupigia."

Hakupiga.

Asubuhi iliyofuata Kanyere alisogeza sensa dirishani, akasoma mchoro mdogo ubavuni mwake. Waya wa kahawia ni wa kuingiza umeme, wa bluu ni wa kurudisha, mweusi ndio unaopeleka habari. Zilitaka volti sita au zaidi, na karte ya mashine, ile bodi inayoiongoza, ilikuwa na tano tu. Akachukua kumi na mbili kutoka kwenye chanzo cha umeme cha mashine. Kabla ya kuunga waya mweusi kwenye karte, aliupima. Testa, kile kipimo cha umeme, ilionyesha kumi na mbili. Angefuata neno la Kakule, karte ingeungua, na Goma yote hakukuwa na mtu wa kumuuzia nyingine.

 Mwishowe alivunja redio iliyokufa, akatoa diodi mbili, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, akauchomelea kila waya mweusi ya kwake, mstari uliochorwa juu yake ukielekea sensa. Sasa zile kumi na mbili hazikuweza kupita kwenda kwenye karte, lakini sensa ikihisi chuma na kushuka hadi sifuri karte iliiona. Taa nyekundu ya sensa bado ilichelewa kuwaka, kwa kuwa kichwa cha mashine kilikuwa cha alumini. Akakifungia boluti ya chuma. Ikawaka kichwa kikiwa bado mbali na sensa kwa unene wa njiti mbili za kiberiti.

Akawasha yote. Kichwa kilikwenda pembeni, kikasimama taratibu, kikarudi nyuma kidogo.

"Inaenda!" alisema kwa sauti, akageuka. Nyuma yake kulikuwa na kiti na ndoo. Aligundua kwamba hakuwa amesema neno tangu simu ya jana.

Annonciata alipokuja, alipitisha kidole juu ya kila herufi ya jina la mama yake. Kisha akasema si vizuri mtu mmoja kusimika msalaba peke yake. Kanyere akafunga ateliye, wakaenda makaburini kwa pikipiki moja. Mmoja alishika, mwingine akagonga kwa jiwe.

"Na batu yako, bako wapi?" Annonciata aliuliza wakipanguza mikono.

"Butembo."

"Ah. Si mbali."

"Si mbali," alijibu Kanyere.

Lori la Annonciata liliondoka saa sita. Kanyere alirudi Ndosho kwa miguu, akamtumia Kakule video ya mashine ikifanya kazi. Jibu lilikuja Jumapili: "Bien. Micheline anaomba rula ya mbao yenye jina yake."

Aliichora siku hiyo hiyo, akaisugua mpaka ikawa laini kama sabuni, akampa mama mmoja aliyekuwa anazungukia Uganda kwenda Butembo. Mwezi wa sita alikuwa bado hajaambiwa kama imefika, naye hakuuliza.