Utosi wa Elibariki

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu kwenye miteremko ya Meru, mdogo wangu Elibariki alifunga utosi kabla hajatimiza miezi miwili. Pale juu ambapo kichwa cha mtoto mchanga hudunda, chake kilikuwa kigumu. Kadiri alivyokua, kichwa kilirefuka kwa nyuma kama kibuyu.

Bibi, mama yake baba, alisema utosi haufungi mapema hivyo bila mkono wa mtu.

"Nani alimshika kichwani?" akatuuliza.

Nikajibu mimi. "Mama Ndeshi. Siku ya ubatizo."

Mama Ndeshi alikuwa jirani yetu, aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Kweli alimgusa mtoto, kama wote waliompokea siku ile. Lakini nilipoona Bibi ananisikiliza kwa makini, nikaongeza: "Alimbonyeza."

Tangu hapo ndizi alizotuletea ziliishia kwa ng'ombe. Nilikatazwa hata kumwamkia. Siku moja alinisimamisha kwenye njia ya kahawani.

"Mwanangu, nimewakosea nini?"

Nilikimbia.

Hospitalini madaktari walisema mifupa ya kichwa imeungana mapema, ubongo unakosa nafasi ya kukua. Wakampasua. Nilipomwona tena, macho yalikuwa hayafunguki kwa uvimbe, na Bibi akaninong'oneza kwamba yule mwanamke bado hajamaliza.

Uvimbe uliisha. Kila tulipokwenda kliniki, nesi alimpima kichwa kwa utepe. Pale walipoondoa mfupa palikuwa laini, pakidunda, kisha mfupa mpya ukaota taratibu. Alipoanza kukimbia, kichwa kilikuwa kimeshakaa vizuri.

"Mmeona?" Bibi alisema. "Tangu tumwepuke."

Nilimuuliza nesi kama mtu anaweza kufunga utosi kwa kuubonyeza.

"Hapana. Alizaliwa hivyo."

Sikumwambia mtu. Mwaka huohuo Mama Ndeshi aliuza shamba, akahamia Terrat.

Mwaka jana, Bibi akiwa ameshafariki, nilimtafuta. Nilimpa shikamoo, nikamweleza lile neno nililoongeza.

"Nilifika mahali nikaiogopa mikono yangu," alisema. "Sijabeba mtoto wa mtu tena."

Nyumbani husema imani za Bibi ndizo zilizomhamisha. Huwa siwabishii. Lakini Bibi alikuwa na hofu tu, na alikuwa anauliza. Jina nilimpa mimi.