Vipande Vinne vya Papa Symphorien

Papa yetu Symphorien hakupenda kumpa mtu mmoja kitu kizima. Sabuni aliikata. Mkate aliukata hata kabla hujakaa. Akitutuma sokoni mimi na kaka yangu Lévi, kila mmoja alirudi na nusu ya unga, ingawa tulipita njia moja na tungeweza kuubeba mmoja kwa zamu. Majirani zetu wa Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, walimwita mchoyo, na mimi, Précieuse, nisiyejua kunyamaza, niligombana na mmoja wao bombani kwa ajili ya neno hilo. Papa hakuwa mchoyo. Aliyemfundisha kukata ni mama, stesheni ya Likasi, mwaka tulipofukuzwa.

Tulifukuzwa kwa kuitwa Wakasai, wageni kutoka mkoa mwingine. Kasai yenyewe tuliijua kwa jina tu. Tulizaliwa Katanga, tukanyonyeshwa Katanga, hata matusi tuliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiswahili. Tulikaa stesheni muda mrefu tukingoja treni, tukilala juu ya mizigo yetu. Mama Léonie alitufungia kila mtu kifurushi chake, na katika kila kifurushi akaweka kidogo cha kila kitu: chumvi, unga, kijiko, kipande cha kitenge.

"Moya ikipotea, tutakula mu zingine," alisema.

Kifurushi cha Lévi kiliibwa mapema sana, na tulikula katika vile vingine. Treni ilipokuja, mama alikuwa na homa, akaomba tungoje nyingine. Papa alikuwa amesikia kwamba nyingine haitakuja. Akatupandisha. Mama alifia njiani, Luena, kichwa chake kikiwa mapajani mwa dada yetu mkubwa, Abigaëlle. Mimi nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni joto la behewa, na Abigaëlle kukataa maji ambayo papa alimletea.

Mambo yalipotulia tulirudi Katanga, safari hii Lubumbashi, na papa alipata kazi katika kiwanda kidogo cha kuchapa kadi za harusi na karatasi za nyimbo za kanisa. Alifanya kazi kwenye Macintosh, kompyuta nzito yenye rangi ya maziwa, iliyokuwa ikilia mlio mmoja mtamu kila ilipoamka. Ah, siku zile! Baada ya shule nilikaa kando yake, nikinusa wino, nikimtazama akisogeza herufi za jina la bibi harusi fulani kama mtu anayempangia binti yake nywele. Nilijifunza kuchapa kabla sijajifunza kupika, na shangazi zangu hawakulisahau jambo hilo. Kama ningeambiwa nichague mahali pa kurudi, ningerudi pale, kwenye kile kibenchi kisicho na mgongo.

Kisha vita vya pili vya nchi yetu vikaanza, na watu wakasema askari watachukua kila chenye waya. Papa alikuwa na picha moja tu ya mama, ya siku ya ndoa. Aliinakili ndani ya mashine, akaiweka kwenye diski, kisha diski yote akaifunga ndani ya faili moja. Watu wa kompyuta huiita taswira ya diski. Jina lisikudanganye: si picha, ni diski nzima iliyokunjwa na kufungwa kama mzigo, na ukiifungua kwenye mashine yake, diski inatokea kiooni kana kwamba umeichomeka kwa mkono. Faili hilo lilikuwa kubwa kuliko diskete moja. Mtu mwingine angelalamika. Papa alifurahi. Alilikata vipande vinne, kila kipande diskete yake: kimoja chake, kimoja cha Abigaëlle, kimoja cha Lévi, kimoja changu. Ndani ya mashine akafuta kila kitu.

"Kila muntu atunze yake," alituambia. "Na siku ya kufungula, kila muntu alete yake na mukono yake. Asitume muntu."

Papa wa watu! Aliukumbuka mkono wa mama na vifurushi vyake, akasahau jambo moja. Chumvi kidogo ni chumvi. Robo ya faili si kitu. Kipande kimoja kikikosekana, vile vitatu vingine ni plastiki tu. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba najifanya mwalimu.

Askari hawakuichukua mashine. Mchwa ndio waliokula picha yenyewe, aliyokuwa ameificha darini, wakabakiza ukingo mweupe na kiatu kimoja cha papa. Kiwanda nacho kikafa. Mmiliki wake alihama nchi, Macintosh ikabaki mikononi mwa papa, naye akaileta Annexe kwenye mkokoteni, akaifunika kitambaa cha meza.

Abigaëlle aliolewa mtaa wa Ruashi, akawa anauza makala, mkaa wa kupikia. Ruashi si Ulaya, lakini yeye hakukanyaga kwetu. Akikutana na papa kanisani alimpa mkono, akatazama pembeni. Sote tulijua ni kwa sababu ya treni ile, na hakuna aliyelitaja.

Mwaka bei ya shaba ilipoanguka, kampuni za migodi zilifunga milango moja baada ya nyingine, na Lévi, aliyekuwa akiendesha lori upande wa Kinsevere, akarudi nyumbani na godoro lake kichwani. Mwaka huohuo daktari alimwambia papa kwamba ana presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi. Papa alitusikiliza tukimfariji kwa maneno mengi, kisha akasema:

"Nataka nimuone Léonie mbele macho haiyazima."

Basi. Hakuomba kingine.

Lévi, mtu wa haraka kama kawaida yake, alichukua diskete yake akaenda nayo kwenye saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Kompyuta ya pale, ya kisasa, ilimwambia diskete hiyo haijaandaliwa, je, aiandae? Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha ndiyo. Nashukuru alinipigia simu kwanza! Nilimpigia kelele mpaka wateja wa pale wakanisikia. Kuandaa ni kufuta. Mashine mpya haikuifahamu lugha ya ile ya zamani, na kwa kuwa haikuifahamu, ilidhani hakuna kitu. Tulikuwa na Macintosh ya papa tu, na kioo chake kilikuwa kimeanza kufifia. Tuliingiza vipande vyetu vitatu, ikavisoma, ikaguna, kisha ikaomba cha nne.

Nilikwenda Ruashi mimi. Abigaëlle alikuwa amekaa nyuma ya magunia yake, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Yaya," nilimwita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "nimekuya juu ya diskete."

"Njo umekuya juu ya diskete. Haiko juu ya kuniona miye."

"Papa macho yake inazima. Anataka kumuona mama."

"Alimuonaka wakati mama eko anamuomba tungoje," alisema. "Wakati ile macho ilikuwa muzima."

Alinyanyuka, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye kucha, akaingia ndani. Alirudi na kopo la poda ya mtoto. Diskete ilikuwamo, imefungwa kwa nailoni, kavu, safi kuliko yangu. Katika nyumba ya makala! Nilinyoosha mkono. Akaivuta kwake.

"Alisemaka kila muntu alete na mukono yake. Nitakuya siku ya Mungu, kisha misa."

Njiani nililia, na sioni haya kusema.

Jumapili papa alivaa koti. Tulimkalisha mbele ya Macintosh, Lévi akawa anatembea huku na huku mpaka nikamwambia akae, ananichosha. Abigaëlle alifika na nguo za kanisa, akasimama mlangoni.

"Papa, yambo."

Papa aligeuza uso kufuata sauti, macho yakapita pembeni mwake. Hapo nilielewa kwamba macho yamekwenda mbali kuliko alivyotuambia.

"Yambo, mama," alimjibu. "Ingia. Kiti iko."

Abigaëlle aliiingiza diskete yake mwenyewe. Mashine ilikwaruza muda mrefu. Nikavikusanya vipande vyote vinne mahali pamoja, nikabonyeza cha kwanza mara mbili, programu ikaanza kukagua, mstari ukijaa polepole. Kisha, upande wa kulia wa kioo, ikatokea diski ndogo nyeupe. Nikaifungua. Picha ikashuka kuanzia juu: mti, paji la uso la mama, macho yake, mdomo uliokuwa ukizuia kicheko.

Papa alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Alikaa hivyo. Kisha akarudi nyuma.

"Naona paka mwangaza, mwangaza tu," alisema.

Lévi akatoka nje. Mimi nilishika kipanya kama mjinga, nikaikuza picha, nikaikuza tena, kana kwamba kosa ni la ukubwa. Tulikuwa tumechelewa. Sijawahi kukasirika hivyo, wala sikujua nimkasirikie nani.

"Abi," papa aliita. "Niambie. Eko namna gani?"

Abigaëlle alitazama mlango. Nilidhani ataondoka. Alivuta kiti, akakaa kando yake, macho kwenye kioo.

"Alivaa robe ya mikono mirefu," alianza. "Iko na maua ku shingo. Bilatu ku miguu iko mikubwa, inamuruka."

"Alikopaka bilatu. Ya shangazi yako."

"Anashika maua na mukono ya kushoto. Ya kuume iko ku mukono yako. Anakukamata nguvu, papa. Vidole inaingia mu koti."

"Aliogopa photographe," papa alisema, akacheka, na kicheko kikamgeukia. "Abi, niliogopa treni ingine haitakuya. Njo ile tu. Niliogopa."

"Najua."

"Alikuombaka, na miye..."

"Najua, papa. Nilikuwaka pale." Akamshika papa mkono wa kuume, na mkono wa dada yangu ulikuwa na weusi wa makala ambao sabuni haiutoi. "Sijamaliza. Kuko na mutoto nyuma, anachungulia. Sijue ni ya nani."

"Endelea," papa alisema.

Alimweleza picha yote, mpaka majani ya mti, mpaka yule mtoto asiye na jina, na papa akamsahihisha hapa na pale, na jua likahama kutoka ukutani hadi sakafuni. Lévi alirudi, akapendekeza tutafute fundi wa kuitoa picha mashineni ikiwa nzima, kila mtu apewe yake ya karatasi.

"Tutafanya," Abigaëlle alisema. Kisha akanigeukia na kopo lake la poda. "Lakini unirudishie diskete yangu. Na kipande yangu ufute mu mashine. Siku ya Mungu ingine nitaileta na mukono yangu, papa anisikilize tena."