Kiti cha Katikati kwenye Pikapu

Wifi yangu wa Bunda, mke wa kaka yangu, alinunua gari kabla yetu, na jambo hilo linanikereketa mpaka leo. Si kwamba nililitaka gari lake. Lilikuwa jeupe, refu, lenye safu tatu za viti alivyoviacha na nailoni zake za dukani, na tumbo lilikuwa karibu na ardhi kama kuku anayeatamia. Nilichokionea wivu ni kimoja tu. Pasaka ya kwanza ya gari lile mama yangu mzazi alipanda mbele, karibu na usukani, akapelekwa kanisani Butiama na mkamwana wake, kioo kimeshushwa, anapungia watu mkono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa na vumbi la bodaboda usoni.

Nikasema moyoni, sawa, gari la Pasaka unalo wewe. Gari la siku mbaya nitanunua mimi.

Siku mbaya tulikuwa tunaijua. Mama anakaa peke yake vijijini huko Butiama, ng'ambo ya korongo ambalo kiangazi mbuzi hulala ndani yake, na masika hujaa mpaka likang'oa miti. Masika ya mwaka mmoja kabla ya hapo lilijaa wakati pumu imembana. Wanaume wa jirani walimbeba juu ya kitanda, maji yakiwafika kifuani, mpaka barabarani. Mimi nilipofika hospitali kutoka Musoma, nilimkuta wifi ameshakaa kando yake, anampepea. Nilimshukuru kwa mdomo.

Basi tukaanza kutafuta gari. Mimi nachukua dagaa Mugango na kuuza sokoni mjini, mume wangu ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo hatukukosa sababu ya gari, ila kuchagua nilichagua mimi. Mume wangu alipendekeza gari dogo la familia. Nikamuuliza gari dogo litavukaje korongo. Nilitaka lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne, injini ya dizeli ya zamani ambayo fundi yeyote wa Kigera anaweza kuifungua bila kompyuta. Tulilipata hukohuko Bunda, kwa mzee mmoja aliyekuwa akibebea pamba: pikapu kuukuu yenye kabini fupi, kiti kimoja kirefu cha mbele, na nyuma bodi tupu. Nililipenda papo hapo. Nikaweka ndani yake sepetu, kamba ya kuvutia, jeri la dizeli, maji ya kunywa, turubai, blanketi na dawa ya pumu ya akiba. Wifi alipoliona alicheka kwa upole, akasema linanukia dagaa. Nikamjibu kwamba maji hayana pua.

Nyumbani kwetu Kitaji, mjini Musoma, nilisafisha chumba cha uani. Nikanunua kitanda, godoro na chandarua. Siku ya mafuriko mama atakuja kwangu, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote.

Hapo wenzangu wa Mara watakuwa wameshaanza kutikisa kichwa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na mume wangu akienda kwa mama, mama humsalimia akiwa nyuma ya mlango. Kulala chini ya paa la mkwe ndiyo kabisa hakuna. Haya nimeyajua tangu sijaota meno. Lakini nilijiambia kwamba siku ya maji adabu itasubiri, na mtu akishaokolewa hataangalia ameokolewa na nani. Kusema kweli nilianza kuitamani mvua. Redio ikitangaza tahadhari, majirani walitazama mapaa yao, mimi nikatazama matairi.

Ikaja. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi jirani wa mama akapiga simu: ukuta wa jikoni umeanguka, nyumba kubwa imeingia maji, na kifua cha mama kinapiga filimbi. Kaka yangu alikuwa safarini. Jirani alikuwa amempigia wifi pia, na hilo nililisikia vibaya. Nikamwambia mume wangu akanyage mafuta.

Pikapu yangu haikuniangusha. Tulifika korongoni, mume wangu akaingiza gia nzito, tukashuka, maji yakapiga milango, tukapanda upande wa pili. Nilipogeuka nikaona gari jeupe linafika ukingoni nyuma yetu na kusimama. Nilifurahi kiasi kwamba nilipiga dashibodi kwa kiganja.

Mama alikuwa amekaa juu ya meza, amejifunika kanga, anahema. Nilimpulizia dawa, nikamsaidia mpaka nje. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, ametazama pembeni kwa heshima. Nikafungua mlango wa kabini, nikamweleza mama kwamba mimi nitakaa katikati. Akatazama kile kiti kimoja kirefu, akarudi nyuma.

"Mimi na mkwe wangu tukae humo?" akasema. "Bora nikae na maji."

Nilibembeleza. Nikamtaja Mungu, nikamtaja marehemu baba. Mume wangu akashuka mwenyewe, akasogea mbali, akasema tumpakie mama nyuma chini ya turubai. Mama akakubali haraka, lakini nikamsikiliza kifua kile, nikautazama upepo na ile mvua, nikaona nitafika na maiti. Mtu wa kuendesha badala ya mume wangu hakuwepo. Mimi nilikuwa nimechagua kila kitu cha gari lile, kuanzia matairi mpaka kamba, na kuliendesha sikujua.

Wifi alitokea akiwa amelowa mpaka kiunoni. Alikuwa amevuka kwa miguu kule juu, kwenye mawe, viatu mkononi. Aliona mama amesimama huku na mkwe kule, akaelewa, akapanda kwenye usukani wangu.

Mume wangu alikaa nyuma kwenye bodi, pamoja na kuku wa mama. Mimi nilikaa katikati, gia ikiwa kati ya magoti yangu, na kila wifi alipotaka kuibadilisha alisema taratibu, "Wifi, goti." Nikasogeza goti. Tulipoingia korongoni maji yalikuwa yameongezeka. Mama alipitisha mkono mgongoni kwangu, akamshika wifi bega.

"Mwanangu huyu anajuaga kuendesha," akasema.

Ng'ambo alihamia kwenye gari jeupe, kiti cha mbele, blanketi langu magotini. Nikamwambia Kitaji kuna chumba, kitanda kipo, na mkwe wake anaweza kwenda kulala kwa rafiki yake. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Nyumba ni yake, mama. Nitalala kwa mwanangu wa kiume, Bunda. We siku ukiendesha mwenyewe, njoo unichukue unipeleke kanisani."

Alikaa Bunda mpaka maji yakakauka, na wifi alimlea vizuri. Sina la kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Godoro la chumba cha uani bado lina nailoni yake.

Sasa najifunza udereva, jioni, dagaa wakishaisha. Mwalimu wangu anasema nakanyaga klachi kama ninayeua nge. Wifi amepata habari, akapiga simu kwamba atakuja Musoma kila Jumamosi anifundishe mwenyewe, bure, kwenye pikapu yangu. Nimekataa.