Nilivyokwenda Kuona Seli Ikigawanyika

Niliondoka Makongeni kwa sababu moja. Daktari alinikuta na uvimbe kwenye titi, akasema nitatiwa dawa mshipani. Mimi sichomwi kitu nisichokijua. Jirani yangu Mama Akinyi naye alikuwa ameshanionya, "Hiyo ni sumu. Wanakuua huku wakikuchekea." Basi nikampigia simu mjukuu wangu Wambui, anayesomea mambo ya seli chuoni. Nikamwambia, "Nakuja unionyeshe hiyo dawa inafanya nini. Nikiona upuuzi, hospitali siendi."

Asubuhi nilipanda treni Makadara, na kikapu cha chapati mapajani. Mgeni haendi mikono mitupu. Kutoka stesheni ya mjini nilitembea hadi chuoni. Goti lilinung'unika, nikalinyamazisha.

Mlangoni mwa maabara Wambui alikitazama kikapu.

"Shosho, chakula hakiingii humu. Kitatuchafulia seli."

"Chapati zangu ni safi kuliko hilo koti lako."

Mwalimu wake, mama mnene mwenye kicheko, alizichukua akaanza kuzila palepale koridoni. Nikajua huyo kalelewa.

Ndani, Wambui alinikalisha mbele ya skrini. Seli ilikuwa kubwa kama sahani, kumbe kwa macho huioni. Ndani yake nyuzi za kijani, na katikati vipande vya buluu vimejipanga. Nyuzi zikavuta, nusu huku, nusu kule, seli ikawa mbili.

"Na nyuzi zenyewe zinashikwa na nani?"

"Na protini, Shosho. Kuna zinazozifunga pamoja, kuna zinazozizuia zisiporomoke, na nyingine hutembea juu yake zikivuta mizigo. Wakati ukifika, zinaachilia."

"Kama vijana wa hema la harusi. Mmoja aking'ang'ania kamba, hema halishuki."

"Basi dawa yako ndiyo huyo mkaidi. Inashika nyuzi, haiachilii. Seli ya uvimbe inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa."

Akanionyesha seli iliyotiwa dawa. Nyuzi zimekazana, vipande vya buluu havijui viende wapi. Nilicheka mpaka mwalimu akachungulia.

"Na seli zangu nzuri?"

"Zile zinazogawanyika upesi zitaumia pia. Nywele zitaanguka. Utachoka, Shosho."

Nikaacha kucheka. Huyu mtoto ana jina langu. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza wa mwanangu wa kiume ni mimi tena, na hawezi kunidanganya bila kujidanganya mwenyewe.

"Wambui, ungekuwa wewe, ungechomwa?"

Alifuta skrini isiyo na vumbi.

"Ningelia kwanza. Halafu ningechomwa."

Jioni, nyumbani, nilimkuta Mama Akinyi akinisubiri mlangoni. Nikamweleza yote: nyuzi, hema, nywele.

"Kwa hivyo umekubali sumu?"

"Nimekubali. Sumu ni sumu, lakini sasa najua inamshika nani."

"Basi twende wote. Nikikuona unalegea, naing'oa hiyo sindano."

"Utakaa kwenye kiti, ufunge mdomo."

"Nitakaa. Mdomo siahidi."

Nilidhani nikishaijua dawa, woga utaniisha. Haukuisha. Lakini zamani niliogopa nikiwa nimekaa, sasa naogopa nikiwa njiani, na Jumatatu tunakwenda.