Matuta Aliyoyasawazisha Wattie Leiper

Wattie Leiper alipiga lipu nyumba za Aberdeen miaka thelathini kabla ya kuja kwenye maabara yetu. Kazi yake hapa ilikuwa kuburuta kipande cha bomba juu ya tope.

Kampuni saba za mafuta, ambazo kwa kawaida hazipeani hata salamu, zilikuwa zimechangia utafiti mmoja. Bomba lililolazwa chini ya bahari, likipitisha mafuta ya moto, hurefuka. Likikosa pa kwenda, hujipinda ubavuni. Likipoa, hurudi. Walitaka kujua tope linalizuia kwa nguvu kiasi gani. Basi Wattie aliliburuta kwa mota kulia na kushoto, mara tano kwa siku, ndani ya tangi la tope lililoletwa kutoka sakafu ya bahari ya Angola.

Majibu yalituchanganya. Kutwa nguvu ilipanda, asubuhi ilikuwa imeshuka tena. Mhandisi wetu, Catriona Mearns, alipima kiasi cha maji kwenye tope, akabadilisha nyaya, mwisho akaandika kwenye ripoti kwamba mota ndiyo mbovu.

"Wattie, bomba lako likilala linasahau," alimtania.

Wattie naye hakuelewa. Jumatatu, tukinywa chai, aliniuliza vile vilima viwili kwenye mchoro ukutani ni nini. Nikamwambia ni matuta ya tope ambayo bomba hujisukumia pembeni, na ndiyo hasa yanayolizuia.

Akaacha kutafuna. "Mimi huyasawazisha kila asubuhi kabla ya kuanza."

Nilimwambia kesho wakubwa wa kampuni zote wanakuja, na lazima aseme. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Mota haina mdomo wa kujitetea. Angenyamaza, nani angejua?

"Kusafisha kumekuwa kosa tangu lini?" akaniuliza. Mimi ninayejiona najua haki na batili nikajimiminia chai nyingine.

Kesho yake alisema, mbele ya wote, kofia mkononi. Mkubwa mmoja akacheka: "Mzee, umetupigia lipu bahari!" Mwingine akasema huenda mikondo nayo huyasawazisha matuta huko chini, kwa hiyo pengine Wattie yuko sahihi. Wakabishana mpaka chakula cha mchana, na hakuna aliyetoka na uhakika. Walikubaliana jambo moja tu: vipimo vyote vitupwe, lisubiriwe tope jipya, na Wattie ndiye arudie kazi.

Wengi hukiri kosa wanalolielewa. Yeye alikiri ambalo bado hakuliona kuwa kosa, na hilo ni gumu zaidi.

Catriona alifuta sentensi ya mota. Wattie akamsogelea.

"Kwa hiyo tope niliache hivyo hivyo, mama? Hata likiwa baya?"

"Hata likiwa baya."

Akalitazama tangi kama mtu aliyeambiwa asinawe mikono kabla ya kula.