Mengia Anayesikiliza Nyayo Zake

Kwa majira tisa ya baridi, mwandishi wa makala haya alikuwa jirani wa Mengia Caflisch katika kijiji cha milima yenye theluji, akiamini kwamba mama huyo hutembea polepole kwa sababu ya goti. Hakugundua kwamba Mengia husikiliza nyayo zake.

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Machi mosi, Mengia anapanda mteremko ulio juu ya barabara, fimbo ya chuma mkononi. Theluji iliyoganda vizuri usiku hulia chini ya buti kama mkate mkavu ukivunjwa. Leo iko kimya. Anachomeka fimbo, inazama kama kwenye uji.

"Haikuganda," anasema. "Mawingu yameifunika usiku kucha kama blanketi. Jua likiigusa, siiamini."

Mengia ana miaka hamsini na minane na hukamua ng'ombe kumi na wanne. Kupima kama theluji itaporomoka humpatia faranga mia tatu kwa mwezi, msimu wa baridi tu. Hata hivyo, neno lake ndilo hufungua au kufunga barabara ya kitongoji cha juu.

Na leo ndiyo siku ambayo watoto huipanda barabara hiyo wakipiga kengele za ng'ombe, kuifukuza baridi. Huko juu mzee Clot anawasubiri na keki yake ya jozi.

"Barabara imefungwa, Duri," Mengia anamwambia mwalimu mlangoni pa shule.

"Acha utani, shangazi! Wamefanya mazoezi wiki tatu."

"Wataimba darajani."

"Mwaka jana pia ulifunga. Kilishuka nini? Hakuna hata konzi moja ya theluji!"

Ladina, muuza mikate, anadakia kutoka ng'ambo ya njia: "Labda anaogopa kengele zitauangusha mlima!"

"Kengele haziamshi kitu, Ladina, ila mumeo. Kinachoangusha theluji ni maji yanayopita ndani yake."

Wanacheka. Mengia hacheki. Miaka sita iliyopita alipima nyuma ya zizi lake, kivulini, akasikia theluji ikilia, akaifungua barabara. Watoto walikuwa wameipita kona iliyo chini ya mteremko kwa dakika kumi tu theluji ilipoporomoka.

"Nilipima palipokuwa karibu na kahawa yangu," anasema. "Hakuna aliyeumia, kwa bahati tu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Saa nne watoto wanaimba darajani. Kutoka dirishani kwake, mbali juu, mzee Clot anawajibu kwa kengele ya ng'ombe wake aliyekufa zamani. Mengia hatulii, mara ashike kofia, mara ahesabu watoto, macho yake mlimani.

Hakuna kinachoshuka.

Saa kumi jioni Duri anamkuta bado pale, ng'ombe wake wakilia zizini.

"Shangazi, nenda nyumbani. Ulikosea, basi. Nani atakulaumu?"

"Naomba nikosee hivi kila mwaka, mwanangu. Watoto waliponusurika kwa bahati, ndipo nilipoogopa." Anamkabidhi fimbo. "Sikio langu linazeeka. Nataka la pili kabla sijaacha kazi hii. Kesho, saa kumi na mbili kasoro robo. Usivae viatu vya shule."

Theluji ya mteremko haikushuka msimu ule, iliyeyuka taratibu. Tangu siku ile, Duri hupanda na Mengia kila alfajiri ya majira ya baridi, na barabara haifunguliwi mpaka wote wawili waisikie theluji ikilia.